Si Mvivu, Amepungukiwa na Damu

Kichocho na safura huwaibia watoto wa Kwale nguvu, kumbukumbu na pumzi. Fahamu yanavyofanya hivyo, na namna ya kuyazuia.

Mwalimu anaandika kwenye ripoti ya muhula kwamba mtoto ana uwezo ila hana bidii. Nyumbani, mama analalamika kuwa akimtuma dukani vitu vitatu, kimoja lazima kisahaulike. Uwanjani, kocha anamtoa kabla ya kipindi cha kwanza kwisha kwa sababu pumzi zimemwishia. Malalamiko ni matatu, lakini hukumu huwa moja: mtoto huyu ni mvivu.

Yapo mambo mengi yanayoweza kumchosha mtoto. Huenda halali vya kutosha, huenda anatoka nyumbani bila kutia kitu tumboni, huenda ana malaria au ana jambo linalomsumbua moyoni. Lakini katika kaunti yetu kuna chanzo kimoja ambacho kila mzazi wa Msambweni, Lungalunga, Matuga na Kinango anafaa kukifikiria kabla ya kumkaripia mtoto. Chanzo hicho ni minyoo inayompotezea damu kidogo kidogo, siku baada ya siku, bila homa kali na bila kumlaza kitandani.

Minyoo hiyo ni ya aina mbili. Wa kwanza huleta kichocho na hupatikana kwenye maji. Wa pili huleta safura na hupatikana kwenye udongo. Yote mawili yanatibika kwa tembe, na yote mawili yanazuilika. Ili kuelewa kwa nini tembe hizo zina uzito mkubwa kuliko wengi wanavyodhani, tuanze na swali dogo: nguvu za mwili hutoka wapi?

NGUVU HUTOKA WAPI?

Chakula peke yake si nguvu. Ugali, wali au muhogo ukishasagwa tumboni hugeuka sukari, na sukari hiyo husafirishwa hadi kwenye misuli na ubongo. Huko huunguzwa polepole ili itoe nguvu. Na kama moto wowote ule, ule wa mwilini nao hauwaki bila hewa. Unahitaji oksijeni tunayoivuta kwa mapafu.

Anayeibeba oksijeni kutoka mapafuni ni damu. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna kitu kiitwacho himoglobini, ambacho ndicho kinachoipa damu wekundu wake. Ichukulie himoglobini kama matatu ya Likoni na Ukunda. Hupakia abiria, ambao ni oksijeni, kwenye stejini ya mapafu, kisha huwashusha kwenye misuli, moyo na ubongo. Kila himoglobini moja ina viti vinne, na kila kiti kimeundwa kwa madini ya chuma. Pasipo na chuma hapana kiti, na pasipo na kiti abiria hasafiri.

Chembe nyekundu moja huishi siku 120 hivi. Ikifa, mwili huitoa chuma yake na kuitumia tena kuunda chembe mpya. Ndiyo maana mtu mzima wa afya hahitaji chuma nyingi kila siku. Lakini damu inayotoka nje ya mwili huondoka na chuma yake, na chuma hiyo hairudi. Mtoto wa miaka minane ana damu kama lita 2 hivi. Akipoteza kidogo kila siku kwa miezi na miaka, akiba yake huisha.

Magari yakipungua, abiria hurundikana stejini. Mwili hujaribu kufidia kwa kuyaendesha mbio machache yaliyobaki, yaani moyo hupiga haraka zaidi. Mtoto huyo anapotembea tu, moyo wake unafanya kazi kama wa mwenzake anayekimbia. Akianza kukimbia kweli, hana tena akiba ya kuongeza.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linahesabu kuwa mtoto wa miaka 5 hadi 11 amepungukiwa na damu ikiwa himoglobini yake iko chini ya gramu 11.5 kwa desilita moja ya damu. Kipimo chake ni tone la damu kutoka kwenye kidole.

KICHOCHO: SAFARI INAYOANZIA KIDIMBWINI

Mnyoo wa kichocho aligunduliwa mwaka 1851 na daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, aliyekuwa akifanya kazi Cairo, Misri. Huku kwetu, eneo la Msambweni limechunguzwa na wanasayansi tangu miaka ya 1980, na mengi yanayojulikana leo kuhusu kichocho cha mkojo yametokana na watu wa vijiji vyetu waliokubali kupimwa.

Safari ya mnyoo huyu ni hii. Mtu mwenye kichocho anapokojoa ndani au kando ya maji, mayai huingia majini na kuanguliwa. Kijidudu kinachotoka humtafuta konokono mdogo wa maji yasiyo na chumvi, wa jamii ya Bulinus. Konokono huyo hupenda vidimbwi, malambo, mabonde ya mpunga na sehemu za mto ambako maji yametulia. Kijidudu huzaana ndani ya konokono kwa wiki kadhaa, na kisha konokono mmoja huanza kutoa mamia, hata maelfu, ya vijidudu vipya vyenye mkia. Hivi hutoka zaidi jua linapokuwa kali, kuanzia asubuhi iliyokomaa hadi alasiri.

Ndio wakati ambao watoto wetu wamo majini. Wanaoga, wanafua, wanachota maji, wananywesha ng'ombe, wanavua kwa vyandarua. Kijidudu hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha lolote, na humaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Mtoto huenda asihisi kitu, au akajikuna kidogo tu.

Mwilini, kijidudu hupitia mapafu na ini, hukomaa kuwa mnyoo, dume na jike hukutana, na pamoja hufunga safari hadi kwenye mishipa midogo ya damu iliyokizunguka kibofu cha mkojo. Hapo hukaa miaka mitatu hadi mitano, na wakati mwingine zaidi sana. Kila siku jike hutaga makumi, hata mamia ya mayai.

Yai la mnyoo huyu lina mwiba mdogo nchani. Ili litoke, ni lazima lichane ukuta wa kibofu, na hapo ndipo damu inapochanganyika na mkojo. Mayai mengine hukwama humo humo kwenye nyama ya kibofu. Mwili huyazingira na kupigana nayo, na makovu huanza. Yakiachwa kwa miaka mingi, makovu hayo yanaweza kuziba njia ya mkojo, kuharibu figo, na kuongeza hatari ya saratani ya kibofu.

Bado husikika kauli kwamba mvulana akikojoa damu ni ishara kuwa anabaleghe. Si kweli. Mkojo wenye damu ni dalili ya ugonjwa, na hakuna umri ambao ni wa kawaida.

Jambo moja la kuwatoa hofu wanaokaa Diani, Gazi, Shimoni na Vanga: konokono huyu hawezi kuishi kwenye maji ya chumvi. Kuogelea baharini hakuleti kichocho. Hatari iko kwenye maji ya bara yaliyotulia, hata kama yanaonekana safi na hata kama kidimbwi kiko karibu sana na ufuo.

SAFURA: ADUI ALIYE CHINI YA NYAYO

Mnyoo wa safura hahitaji konokono. Mtu mwenye safura akijisaidia kichakani, mayai hubaki kwenye udongo. Udongo ukiwa na joto, kivuli na unyevu, kama ulivyo sehemu nyingi za pwani yetu baada ya mvua, mayai huanguliwa kuwa mabuu madogo yasiyoonekana kwa macho. Mabuu hayo husubiri mguu mtupu. Hupenya ngozi ya unyayo au katikati ya vidole, hupitia kwenye damu hadi mapafuni, hupanda hadi kooni, humezwa, na mwishowe hufika kwenye utumbo. Hapo mnyoo hujishikiza na kuanza kunywa damu.

Aina mmojawapo iliyoenea zaidi hunywa mililita 0.03 hivi kwa siku, ambayo haifiki hata tone moja. Ndiyo maana mnyoo mmoja au wawili hawaonekani kuwa na madhara. Lakini fanya hesabu. Minyoo 100 hunywa mililita 3 kwa siku. Kwa siku mbili ni zaidi ya kijiko kimoja cha chai, na kwa mwezi mmoja ni karibu mililita 90, yaani kama kikombe kidogo cha kahawa tungu. Mtoto anayekula chakula chenye chuma kidogo hawezi kuirudisha damu hiyo kwa kasi inayotoka.

Mtoto akiwa na kichocho na safura kwa pamoja, kisha malaria ikaja na kuvunja chembe nyekundu zilizobaki, utaelewa kwa nini mwalimu anamwona amelaza kichwa juu ya dawati saa tano asubuhi.

UBONGO NI MLAJI MKUBWA

Ubongo wa mtu mzima ni sehemu kama 2 tu kwa kila 100 za uzito wake, lakini hutumia karibu sehemu 20 kwa 100 ya nguvu zote za mwili unapopumzika. Kwa mtoto mdogo ambaye ubongo wake bado unakua, sehemu hiyo ni kubwa zaidi na inaweza kukaribia nusu. Oksijeni ikipungua, ubongo ni miongoni mwa wa kwanza kuathirika.

Si oksijeni tu. Ubongo wenyewe unahitaji chuma ili kutengeneza kemikali ambazo seli zake hutumia kupeana habari. Pia, mwili unapopigana na ugonjwa wa muda mrefu huificha chuma iliyomo ili wadudu wasiipate. Kwa hivyo mtoto mwenye kichocho anaweza kupungukiwa hata kama anakula vizuri. Chuma imo ndani ya mwili, lakini iko chini ya kufuli.

Kinachoonekana darasani ni kwamba mtoto hawezi kushika jambo akilini kwa muda wa kutosha. Kumbukumbu huanza kwa kusikiliza. Kama mawazo yamepotea mwalimu anapoeleza, hakuna cha kukumbuka jioni. Utafiti uliofanywa kwa watoto wa shule nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa waliokuwa na kichocho kikali walikuwa na kumbukumbu dhaifu ya muda mfupi, na walichelewa zaidi kuitikia walipopewa ishara, kuliko wenzao.

Hii haina maana kwamba tembe moja itamfanya mtoto awe wa kwanza darasani. Vitabu, mwalimu, usingizi na chakula bado vina kazi yake. Maana yake ni kwamba mtoto mwenye minyoo anakimbia mbio zile zile na wenzake akiwa amebeba mzigo mgongoni, na kuutua mzigo huo ni kazi yetu sisi watu wazima.

KILICHOONEKANA KWENYE SHULE ZA KWALE

Kwa wapenda michezo, ushahidi wa jambo hili haukuletwa kutoka mbali. Katika miaka ya 1980, watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, wakiwemo Lani Stephenson na Michael Latham, walishirikiana na wanasayansi wa Kenya kuwachunguza watoto wa shule za msingi hapa Kwale.

Walitumia zoezi rahisi liitwalo kipimo cha Harvard. Mtoto hupanda na kushuka benchi kwa mwendo maalumu kwa dakika chache, kisha mapigo ya moyo wake huhesabiwa anapopumzika. Mwenye siha njema, moyo wake hutulia upesi. Mwenye upungufu wa damu, moyo huendelea kwenda mbio.

Wavulana waliokuwa na kichocho na safura waligawanywa. Wengine walipewa dawa, na wengine tembe zisizo na dawa ndani yake. Wiki chache baadaye zoezi lilirudiwa. Waliopewa dawa halisi walifanya vizuri zaidi kuliko mwanzo, na hamu yao ya kula iliongezeka. Wale ambao hawakupewa dawa hawakupata maendeleo hayo. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1990, na mengine yanayofanana nayo kuhusu dawa ya minyoo ya tumbo yalifuata mwaka 1993.

Kwa hiyo kocha anayetaka winga wake amalize dakika zote 90 aongeze swali moja kwenye mazoezi: huyu amepimwa mkojo na damu lini?

MBONA MTU MZIMA NAYE AMEZE?

Tangu mwaka 2009, na hasa baada ya mwaka 2012, Kenya imekuwa ikigawa dawa za minyoo shuleni katika maeneo yenye maambukizi, pwani ikiwemo. Wazazi wengi wamezoea kuona dawa hizi kuwa za watoto peke yao. Utafiti mkubwa uliofanywa Kwale kati ya mwaka 2015 na 2017 ulionyesha kuwa hilo halitoshi.

Utafiti huo uliitwa TUMIKIA, kifupisho cha Tuangamize Minyoo Kenya Imarisha Afya. Uliendeshwa na Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI), Wizara ya Afya na London School of Hygiene and Tropical Medicine, na ulihusu maeneo 120 ya kaunti hii. Maeneo hayo yaligawanywa mafungu matatu, na baada ya miaka miwili safura ilipimwa tena.

Pale ambapo watoto pekee walipewa dawa mara moja kwa mwaka, waliokuwa na safura walipungua kutoka asilimia 18.6 hadi 13.8.

Pale ambapo kila mtu kijijini alipewa dawa mara moja kwa mwaka, walipungua kutoka asilimia 17.9 hadi 8.0.

Pale ambapo kila mtu alipewa dawa mara mbili kwa mwaka, walipungua kutoka asilimia 20.6 hadi 6.3.

Sababu yake iko wazi. Baba na mama wenye safura wasiotibiwa huendelea kutia mayai kwenye udongo, na mtoto aliyetibiwa Januari hukanyaga mayai yale yale Aprili. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2019 katika jarida la The Lancet, na dunia nzima inayasoma kama funzo kutoka Kwale. Kwa upande wa kichocho, mwongozo wa WHO wa mwaka 2022 unasema vivyo hivyo: mahali ambapo angalau mtu 1 kati ya 10 ameambukizwa, dawa itolewe kila mwaka kwa wote kuanzia umri wa miaka miwili, watu wazima wakiwemo.

JAMBO LA KINA MAMA LISILOSEMWA

Mayai ya kichocho hayaishii kwenye kibofu. Kwa wanawake na wasichana, mengine hukwama kwenye njia ya uzazi na kusababisha vidonda, maumivu wakati wa tendo la ndoa, kutokwa na majimaji au damu, na hata ugumu wa kushika mimba. Inakadiriwa kuwa wanawake na wasichana hadi milioni 56, wengi wao Afrika, wanaishi na hali hii.

Dalili hizi hufanana na za maradhi ya zinaa. Nyumba zimevunjika kwa tuhuma ambazo chanzo chake ni kidimbwi alichokuwa akifulia msichana akiwa na miaka kumi. Mama au dada mwenye dalili hizi amweleze muuguzi bila haya, na aongeze neno kwamba amekulia au anaishi karibu na bwawa au mto. Kwa baba wa nyumba, ushauri ni kumsindikiza mkeo kituoni kabla ya kumshuku.

MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Dawa zenyewe ni zipi? Kichocho hutibiwa kwa praziquantel, na safura kwa albendazole. Kipimo cha praziquantel hutegemea uzito wa mtu. Wakati wa kugawa dawa shuleni au kijijini, wahudumu hutumia fimbo ya kupima urefu ili kukadiria idadi ya tembe. Ndiyo maana watoto wa darasa moja wanaweza kupewa idadi tofauti.

Kwa nini mtoto wangu aliumwa na tumbo baada ya kumeza? Maumivu ya tumbo, kichefuchefu na kizunguzungu hutokea kwa baadhi ya watu, hasa wenye minyoo mingi, na kwa kawaida huisha upesi. Humpata zaidi aliyemeza akiwa na njaa. Mpe mtoto chakula kabla ya kumeza. Anayefunga aulize kama anaweza kumeza baada ya futari.

Alimeza mwaka jana, mbona ameze tena? Praziquantel huua minyoo iliyokomaa. Haiui vizuri minyoo michanga, na haimkingi mtu asiambukizwe upya. Akirudi kwenye kidimbwi kile kile, safari huanza tena.

Mjamzito je? Amweleze mhudumu kabla ya kumeza. Kwa kawaida dawa hizi hutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito. Mama anayenyonyesha anaweza kumeza.

Mtoto ambaye hajaanza shule? Naye huambukizwa, hasa anayeogeshwa kwa maji ya bwawa au anayekaa na mamake kando ya maji. Aina ya praziquantel iliyoundwa kwa ajili ya watoto wadogo ilijaribiwa Kenya na Côte d'Ivoire. Kwa sasa, mpeleke mtoto mwenye dalili kwenye kituo cha afya akapimwe.

Mkojo upimwe wakati gani? Mayai hutoka kwa wingi zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Ukiambiwa uje na mkojo wa mchana, usishangae. Mkojo wa alfajiri unaweza kuficha mayai ambayo yangeonekana wakati huo.

TUNAWEZA KUFANYA NINI NYUMBANI?

Tembe huondoa minyoo iliyoko leo. Ya kesho huzuiwa na mambo haya.

Choo. Mkojo na choo kikubwa visifike kwenye maji wala kwenye udongo wazi. Choo cha shimo kilichofunikwa hukata safari ya minyoo yote miwili. Mfundishe mtoto kwamba kukojoa bwawani ni kumtegea mwenzake.

Maji. Palipo na bomba, kisima kilichofunikwa au maji ya mvua, tumia hayo kuoga na kufua. Kama hakuna njia ila bwawa, chota maji, yaweke kwenye mtungi au pipa lililofunikwa kwa siku mbili, kisha ndipo uyaogee. Vijidudu vya kichocho visipompata mtu hufa ndani ya muda huo. Ukiwa na haraka, yachemshe kisha uyaache yapoe. Maji ya kutawadha nayo ni vivyo hivyo. Kumbuka kuwa kuyaweka siku mbili hakuyafanyi yawe salama kwa kunywa. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Viatu. Ndara za bei ndogo kabisa ni kinga dhidi ya safura. Mtoto azivae anapokwenda shambani, chooni na kisimani. Baba na mama wanaolima nao wasisahau miguu yao.

Chakula. Damu iliyopotea hujengwa upya kwa chuma. Ipo kwenye dagaa na samaki wengine, ini, nyama, kunde, pojo, mchicha na mchunga. Chuma ya mboga na nafaka huingia mwilini vizuri zaidi ikiliwa pamoja na tunda lenye uchachu kama chungwa, ndimu au embe. Chai huizuia, kwa hiyo mpe mtoto chai saa moja au zaidi baada ya mlo wenye mboga badala ya kuvinywa pamoja.

Chandarua. Kulala ndani ya chandarua chenye dawa hulinda damu ile ile ambayo dawa ya minyoo imeiokoa.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI NI SASA

Usisubiri siku ya kugawa dawa ikiwa mtoto au mtu mzima anakojoa damu, anasikia uchungu anapokojoa, anahema kwa kazi ndogo, ana viganja na ndani ya kope vilivyopauka, au anakula udongo. Hamu ya kula udongo ni dalili moja ya upungufu wa chuma. Nenda kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wakiona haja, watakutuma kwenye hospitali kubwa kama ile ya rufaa ya Msambweni. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako naye anaweza kukuelekeza.

Makovu ya kibofu kwa watoto yana nafasi kubwa ya kupona yakitibiwa mapema. Uchunguzi wa picha za ultrasound umeonyesha majeraha yakipungua miezi michache baada ya dawa. Kwa mtu mzima aliyekaa nayo miaka mingi, mengine hayarudi tena kama yalivyokuwa.

Siku wahudumu watakapofika shuleni au mlangoni kwako na tembe, mtoto asifichwe nyumbani, na mtu mzima asiseme dawa ni za watoto. Na ripoti ya muhula ujao ikija na neno "mvivu", mpeleke mtoto apimwe mkojo na damu kwanza. Kipimo hicho kikionyesha kasoro, tiba yake ipo.